Sensa au hati za mirathi: uanzie wapi kutafuta kaya ya kale ya Marekani?

Kwa gharama na wepesi, sensa inaongoza. Picha za kurasa zake zinapatikana bure kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba, na majina yana faharasa. Mirathi ina mwandiko wa kuumiza macho, kurasa kwa kurasa.

Lakini kwa undani, hapo sensa inanyong'onyea. Kuanzia 1790 hadi 1840 iliandika jina la mkuu wa kaya tu. Mke na watoto ni tarakimu. Majina ya watu huru wote yalianza 1850. Hati za mirathi zinakuingiza jikoni: chungu cha chuma, godoro la manyoya, ng'ombe wawili, na mara nyingi binti aliyetajwa kwa jina la mumewe. Humo pia watumwa huonekana kwa majina, kando yake bei. Inauma kusoma, ila pengine ndipo pekee jina hilo lilipoandikwa.

Maskini asiye na mali hakuacha mirathi. Huyo mtafute kwenye sensa. Kama hujui familia iliishi kaunti gani, anza nayo vilevile. Ukishaijua kaunti, na marehemu alikuwa na shamba, nenda moja kwa moja kwenye mirathi.