Vitabu vya Picha vya Wanyama Vyenye Vina: Uzoefu Wangu na Watoto Nyumbani

Kwa muda sasa nimekuwa nikimsomea mwanangu wa miaka mitatu, pamoja na mpwa wangu wa miaka mitano, vitabu vya picha vya wanyama vilivyoandikwa kwa vina. Nilivinunua katika maduka ya vitabu ya katikati ya jiji la Dar es Salaam. Baadhi vimetungwa kwa Kiswahili na vingine vimetafsiriwa kutoka Kiingereza. Nawaandikia wazazi wanaosita kutoa fedha kwa kitabu kinachosomwa kikaisha kwa dakika tano. Kitabu cha namna hii kikitungwa vizuri hudaiwa tena kila jioni, mpaka mtoto anakishika na kukisoma kwa moyo, ilhali hajui herufi hata moja.

Kinachotenganisha kitabu kizuri na kibaya, kwa maoni yangu, ni mahali kina kilipowekwa. Kiswahili humpa mtunzi vina vya bure, kwa kuwa vitenzi vyetu vingi huishia kwa irabu ileile, na mtunzi mvivu anaweza kujaza kitabu kizima kwa anaruka, anacheka, anafika, bila kutoka jasho. Mtoto husikia milio inayofanana, lakini hana cha kubahatisha. Kitabu tunachokipenda zaidi huweka mwishoni mwa mstari jina la mnyama au la kitu kinachoonekana kwenye picha, na kila mstari una mizani nane, yaani silabi nane, sawa na kipande cha shairi la kawaida. Ili nisinakili mistari ya mtu, natoa mfano niliotunga mwenyewe na ambao sasa tunauchezea nyumbani:

Kima juu ya mnazi,
chini amelala mbuzi.

Msomaji akisita kabla ya neno la mwisho, mtoto hulimalizia kwa sauti kubwa, mwanzoni kwa kuitazama picha, na baadaye, akishazoea, kwa kukisikiliza kina peke yake. Mpwa wangu alipochoka na mbuzi alijibu kwamba chini amelala mwizi. Nilicheka, kisha nikahesabu: kina kipo na mizani imetimia, na hakuna aliyemfundisha lolote kati ya hayo mawili. Mtoto anayeweza kubadilisha neno namna hiyo ameshatambua kwamba maneno yana silabi zinazoweza kufanana, na utambuzi huo atauhitaji atakapoanza kuunganisha herufi darasani.

Vile vilivyotafsiriwa vina karatasi bora na rangi za kupendeza, lakini mfasiri alilazimika kuchagua kati ya hadithi na vina, akachagua hadithi. Matokeo yake ni mistari mirefu inayomkatisha msomaji pumzi, na watoto huanza kufunua kurasa kabla sijafika mwisho wa sentensi. Simlaumu dubu wala kindi, wanyama wa vitabu hivyo, kwa hilo. Ni kweli kwamba kunguru, mjusi na paka wanaonekana kila siku uani kwetu, lakini hata twiga mwanangu hajamwona ila kwenye picha, na humshangilia kuliko wote.

Bei ya vitabu vilivyochapwa hapa nchini nilivyonunua ilikuwa chini ya shilingi 10,000 kwa kimoja, nami naiona ni ya haki. Uimara wake ni suala jingine, kwani majalada ni mepesi, kurasa zimeshikwa kwa pini mbili tu, na kwa unyevunyevu wa pwani kingo hujikunja upesi. Jalada la kile kimoja nililipeleka kwenye duka la vifaa vya ofisi likafanyiwa laminesheni, na mpaka sasa limehimili hata chai.

Kabla ya kununua, ninashauri mzazi apite kwanza katika sehemu ya watoto ya Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967 katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, achukue vitabu viwili vitatu na kuvisoma kwa sauti ya chini. Ulimi ukijikwaa katika usomaji wa pili, kitabu hicho kitamchosha nyumbani, hata picha zake ziwe nzuri kiasi gani.

Upungufu mmoja nimeukuta karibu katika vyote: mnyama anayetakiwa kubahatishwa huchorwa kwenye ukurasa uleule wa fumbo lake, ilhali angefichwa nyuma ya ukurasa, mtoto angetegewa kama anavyotegewa kitendawili. Kwa sasa huwa naifunika picha kwa kiganja. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili nisingependekeza vitabu hivi, kwa kuwa atazichana kurasa kabla hajavisikia vina; kwa wa miaka mitatu hadi sita ningevinunua tena, vile vilivyotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo.