Uwele, choroko na samli: meza ya Haryana mjini Tanga

Mgahawa huu mdogo wa Ngamiani unapika chakula cha Haryana, jimbo la kaskazini mwa India lililoundwa mwaka 1966, kwao wakulima wa ngano na uwele na wafugaji wa nyati. Basi usiende ukitarajia biriani.

Kinachostahili safari ni kichiri ya uwele. Uwele hulowanishwa kidogo, hutwangwa kinuni hadi makapi yatoke, hupepetwa, kisha huchemshwa pamoja na choroko kwa moto mdogo: vikombe 2 vya uwele, nusu kikombe cha choroko, maji vikombe 10 hivi. Makapi yakibaki, chakula hukwaruza koo. Hapa hayakubaki, wala hawaharakishi. Punje zimelainika bila kugeuka uji. Samli humiminwa mezani ikiwa moto, tena bila ubahili.

Mkate wa uwele ndio wenye kasoro. Unga wake hauna gluteni, protini inayoufanya unga ushikamane, kwa hiyo hukandwa kwa maji ya moto, donge moja moja, na kupigwapigwa kwa viganja papo hapo. Jikoni wamekanda madonge mengi mapema, mikate ikapasuka kingo. Uchungu nao ulisikika kwa mbali: mafuta ya uwele huchacha upesi, usagwe wa siku chache tu.

Lasi, kinywaji cha mtindi, ni nyepesi, ya chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu. Maziwa ya Tanga yameitendea haki! Churma, yaani mkate uliovunjwavunjwa kwa samli na sukari guru, agiza asubuhi. Huisha kabla ya adhuhuri.