Pampu ya upepo ya volti 12 kwa gari dogo: inunue, ila usiiamini geji yake

Kwa mwenye Vitz au Passo, pampu hii ina faida kuliko dawa yoyote ya kuokoa mafuta ya kumimina kwenye tangi. Tairi lililopungua upepo hujikunja zaidi kila linapozunguka, na injini ndiyo inayobeba mzigo huo. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria hasara ya mafuta ya asilimia 0.2 kwa kila PSI 1 (kipimo cha upepo wa tairi) inayopungua kwa wastani wa matairi yote. Yakishuka PSI 8, ni asilimia 1.6, na mabega ya tairi yanalika mapema.

Fuata kiasi cha upepo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Namba ya ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu tu. Magari ya Japani huandika kPa, kipimo kingine cha upepo: kPa 230 ni kama PSI 33. Pima asubuhi kabla ya safari, maana tairi la moto hudanganya.

Geji ya pampu hizi za bei nafuu hukosea, kwa hiyo ongeza geji ya mkono. Mpira wa pampu unaofungwa kwa nati huvujisha upepo unapofunguliwa. Kwa hiyo jaza PSI 1 zaidi. Washa injini kwanza, na ipumzishe pampu isichemke.