Seti ya SU kwa kabureta za Jaguar Mark IX: niliyoyaona gerejini kwetu Tudor

Kwa mwenye haraka, nianze na hukumu. Seti kubwa ya ukarabati ya kabureta za SU HD6, yaani vile vifaa vinavyoichanganyia injini petroli na hewa, inastahili pesa yake, lakini usiifungue kabla hujaupeleka mwili wa kabureta kwa mkereza. Mimi nilitanguliza spea, nikaifanya kazi mara mbili.

Gari lenyewe ni Jaguar Mark IX la 1960, la marehemu baba. Alilinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa akihama Mombasa, akalitumia miaka mingi kwa harusi za jamaa na kwa matembezi ya Idi, hadi lilipozimika 1996 likabaki uani chini ya mwembe. Nilipostaafu kazi ya umeme bandarini nililifunua turubai na kusema sasa basi. Magari haya yalitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1958 na 1961, na idadi yake yote ni kama 10,000. Injini ni ya silinda sita, lita 3.8. Breki ni za diski magurudumu yote manne, jambo lisilo la kawaida enzi hizo, na ndani kumejaa ngozi na mbao za mti wa jozi. Nyuma ya viti vya mbele kuna vimeza vya kukunjua. Sisi watoto tulikuwa tukiwekea mahamri pale, na alama ya mafuta ipo mpaka leo kwenye kimeza cha kushoto. Hiyo sitaipiga msasa.

Habari ya kutu siigusi leo. Kila mwenye gari kuukuu kisiwani hapa anaijua chumvi ya bahari. Leo ni kabureta tu, maana ndizo zilizonila mwaka mzima.

SU ni kifupi cha Skinners' Union. Hao ndugu wa Skinner walitoka katika ukoo wa watengeneza viatu, na kabureta yao ya mwanzo ilikuwa na mfuko wa ngozi mahali ambapo leo kuna pistoni ya chuma. Baba alikipenda mno kisa hiki, kwa sababu babu yetu alikuwa fundi viatu Mji wa Kale. Akikisimulia, husema kwamba mtu anayejua ngozi inavyovuta pumzi ndiye pekee angeweza kuwaza kitu kama kile. Hata jina la HD6 lina maana yake: tarakimu 6 ni idadi ya thumuni za inchi zinazoongezwa juu ya inchi moja, kwa hiyo koo la kabureta lina upana wa inchi moja na robo tatu. Herufi D ni ya kiwambo, diaphragm kwa Kiingereza, na kiwambo ndicho kilichoniletea balaa.

Ukiitazama kwa juu, SU ina kuba kama la msikiti. Ndani ya kuba kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa ya injini, na chini ya pistoni inaning'inia sindano iliyochongoka, ambayo ncha yake imezama katika kitundu cha petroli. Ukikanyaga mafuta, pistoni hupanda, sindano hupanda nayo, nafasi kati ya sindano na kitundu hupanuka, petroli nyingi zaidi hupita. Basi. Sehemu zinazotembea zinahesabika kwa vidole. Ndiyo maana naipenda, na ndiyo maana haisamehe: kwa kuwa kila kitu kinategemea hewa, tundu lolote la hewa pasipohitajika linavuruga hesabu nzima.

Mara ya kwanza nilifuata bei. Nilinunua seti ya rahisi mtandaoni, shilingi 9,500 kwa kabureta zote mbili, kwa muuzaji ambaye simtaji. Gasketi zilikuwa za kufaa. Viwambo havikuwa. Katika HD6 kile kitundu cha petroli kimeshikamana na kiwambo cha mpira mithili ya ngozi ya ngoma, na kiwambo hicho ndicho kinachozuia petroli isimwagike kwa chini. Wiki ya saba niliamka alfajiri kwa harufu. Nyumba nzima ilinuka petroli. Nilipofungua boneti nikakuta kabureta ya nyuma inatona, tone baada ya tone, na nilipokitoa kiwambo kilikuwa kigumu kama kigae, na nywele za ufa zimezunguka pale mpira unapokutana na shaba. Nashukuru kwamba gari halilali ndani ya chumba kilichofungwa na kwamba hakuna aliyewasha jiko karibu. Tangu siku hiyo ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto havitoki pembeni ya gari, na nakusihi nawe ufanye hivyo kabla hata hujanunua spana.

Mama ndiye aliyenionya mapema, nami sikumsikia. Jaguar hili lina matangi mawili, moja kila ubavu wa nyuma, na petroli husukumwa na pampu za umeme za SU. Ukizungusha ufunguo unasikia pampu ikigonga, tiki-tiki-tiki, kwa kasi. Bakuli za kabureta zikijaa, kugonga kunapungua, kisha kimya. Baba hakuwahi kupiga stata kabla ya kimya kile. Ile wiki ya saba mama alikuwa kibarazani, akaniita, "Mwanangu, mbona hainyamazi?" Nikamjibu ni pampu ya zamani, mama, wacha igonge. Kumbe pampu ilikuwa ikisema kweli: petroli inaingia, na inatoka mahali. Pampu ya SU isiponyamaza, zima ufunguo, tafuta bakuli linalofurika au panapovuja. Ni kipimo cha bure.

Jambo la pili lilikuwa mngurumo wa polepole. Injini ikiachiwa ilipanda na kushuka kama mtu anayehema. Nilibadilisha plagi, nikarekebisha platini, wapi. Jirani mmoja mwenye uzoefu wa boti alinifundisha jaribio hili, na ninalitoa kwako kama lilivyo: chovya brashi ndogo kwenye oili, upake kwenye ncha za mhimili wa kilango cha hewa wakati injini inanguruma. Nilipaka, injini ikatulia papo hapo, ikakaa sawa kama dakika moja, kisha ikaanza tena kuhema. Oili ilikuwa imeziba mwanya kwa muda. Mhimili na matundu yake katika mwili wa alumini vilikuwa vimelika. Ukiushika kwa vidole unacheza juu na chini.

Hapo ndipo nilipoagiza Uingereza seti kubwa ya SU halisi. Jina la SU siku hizi liko mikononi mwa Burlen, wa mji wa Salisbury, na ndio wanaoendelea kutengeneza spea hizi. Kuna seti ndogo, yenye gasketi, sili na vali za boya, na kuna kubwa, yenye vitundu vipya pamoja na viwambo vyake, sindano, mihimili na vilango. Nilichukua kubwa. Pamoja na usafiri na ushuru nilitumia karibu shilingi 52,000, na najua hizo si pesa za kuchezea. Lakini mhimili mpya ndani ya tundu lililolika unacheza vilevile. Seti haiwezi kukuletea mwili mpya wa kabureta.

Kwa hiyo nikaenda Shimanzi kwa ami mmoja mwenye mashine ya kukereza iliyomzidi umri. Alizitazama kabureta bila kuzigusa, akauliza, "Binti yangu, huu mhimili mpya unao, au unataka nipime kwa wa zamani?" Nilimpa mpya. Alipanua matundu yote, akakereza bushi za bronzi, akazisukuma ndani kwa presi kisha akazipitisha kwa kipekecho mpaka mhimili ukawa unazunguka kwa uzito wake wenyewe bila kuyumba. Siku mbili, shilingi 6,000. Kama ningeambiwa nichague kati ya kazi ya ami na seti nzima ya Uingereza, ningemchagua ami kwanza, na ningeingoja pensheni ya mwezi mwingine kwa seti.

Sasa kuhusu spea zenyewe. Viwambo ni vyororo, na pale vinapokutana na shaba ya kitundu pamebanwa vizuri. Mwezi wa tisa huu havijatona hata mara moja. Sindano na vitundu vimekerezwa kwa usahihi unaouona kwa macho. Ukishapanga kila kitu, unanyanyua pistoni kwa kidole na kuiachia: ikishuka ikalia tak, kavu, chuma kwa chuma, kitundu kiko katikati. Ikishuka kimya au ikasita, sindano inagusa ukingo, na itabidi ulegeze nati ya kitundu uanze upya. Kabureta ya mbele ilinipa tak mara ya kwanza. Ya nyuma ilinichukua adhuhuri nzima, na kila mara nilipoibana nati ilikwenda kando unywele mmoja.

Kuba na pistoni sikuzibadilisha, na nawe usizibadilishe bila sababu. Kila kuba limeoana na pistoni yake kiwandani, ukizichanganya umeharibu. Wala usipige msasa ndani ya kuba hata likiwa jeusi, safisha kwa petroli na kitambaa tu. Kipimo chake ni hiki: ziba matundu ya pistoni, igeuze juu chini pamoja na kuba, uliachie kuba lishuke lenyewe. Kwa ukubwa huu yapasa lichukue sekunde 5 hadi 7. Langu la mbele lilichukua 6, la nyuma 5 na ushei. Baada ya miaka yote ile chini ya mwembe!

Kuzisawazisha mbili zivute sawa, sikununua kifaa. Nilitumia kipande cha mpira wa maji kama alivyotumia baba, ncha moja mdomoni mwa kabureta, nyingine sikioni. Unasikia upepo unapiga mluzi. Unasikiliza ya mbele, unasikiliza ya nyuma, unarekebisha mpaka miluzi miwili iwe sauti moja. Kwa uwiano wa petroli na hewa, unainyanyua pistoni kidogo mno, kama milimita moja pungufu: injini ikiongeza kasi na kubaki juu, petroli ni nyingi, ikitaka kuzimika, ni chache, ikipanda kidogo kisha ikarudi, umefika. Karatasi iliyokuja na seti ina picha ya kila kipande kilipo, lakini mambo haya utayapata kwenye kitabu cha gereji cha gari lenyewe, kwa hiyo kitafute kitabu kabla ya kuanza. Na ndani ya dampa za juu, zinazoutuliza mwendo wa pistoni, weka oili nyepesi, SAE 20. Oili nzito ya injini inaifanya pistoni iwe mvivu kupanda.

Kuna kabureta ndogo ya tatu, ya kuwashia injini ikiwa baridi, inayofunguliwa na swichi ya joto bila dereva kuambiwa. Kwa majira ya baridi ya Coventry ni neema. Kwa Mombasa, ambako maji ya rejeta hayajui baridi ni nini, ilikuwa ikijifungua asubuhi na kulowanisha plagi bure. Nimeikatia waya na kuiwekea swichi ya mkono chini ya dashibodi, kama wenye Jaguar za enzi hizo wengi wanavyofanya. Ukitaka kuigusa kazi ya waya, kumbuka gari hili ncha ya chanya ya betri ndiyo iliyoungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Nimetumikia umeme miaka 28 na bado nilibandika karatasi nyekundu juu ya betri.

Mwenzangu wa Nairobi aliyeniuliza kama aige mipimo yangu: hapana, ndugu yangu. Huko juu hewa ni nyepesi, na mpangilio ulio sawa hapa baharini utakuwa na petroli nyingi mno kwako. Anza na mipimo ya kitabu, kisha punguza kwa jaribio la kunyanyua pistoni.

Seti naipa nne kati ya tano. Ile moja naizuia kwa sababu ya bei ya kuifikisha hapa, si kwa sababu ya kazi iliyofanywa juu ya spea. Ami wa Shimanzi nampa tano, na angelistahili sita.

Jumamosi iliyopita nililitoa barabarani, kutoka Tudor hadi Nyali kupitia darajani na kurudi, mama akiwa kiti cha nyuma. Kabla hatujaondoka alininyooshea mkono nisubiri. Pampu ikagonga, ikapunguza, ikanyamaza, ndipo aliposema, "Haya, washa." Tuliporudi nilizitoa plagi zote sita. Za kwanza tatu ni rangi ya chai ya maziwa, safi kabisa. Ya nne, ya tano na ya sita zina weusi kidogo, na kwa kuwa Jaguar huhesabu silinda kuanzia nyuma, hizo ni za kabureta ya mbele. Kesho asubuhi, injini ikishapata joto, nitaipunguzia petroli kidogo tu, robo ya mzunguko wa skrubu, kisha nizitazame tena.