AC ya kupoza na kupasha: waliniambia gesi imeisha, haikuwa gesi

Jamani nina hasira sijui hata nianzie wapi, ngoja nianzie uani maana ndiko kulikokuwa na ukweli wote. Mashine ya nje ya AC yangu, imefungwa ukutani nyuma ya jiko, ilikuwa inapuliza baridi. Baridi kabisa, ukisimama mbele yake ni kama umefungua friji, na chini maji yanachuruzika mpaka yamefanya kidimbwi pale ninapoanika ndoo. Huku chumbani sasa, rimoti nimeweka ya kupoza, 24, linatoka joto la kukausha macho. Na hii ni kaskazi imeshika kwelikweli, watu wa Tanga mnajua wenyewe, usiku hata kanga hutaki ikuguse.

Nikapiga simu dukani nilikonunua wakaniletea fundi. Kaingia na viatu mpaka kwenye mkeka, kaweka kiganja kwenye AC ya ndani, basi, "gesi imeisha hii mama." Hajafungua kitu, hajaweka geji ya kupima gesi. Nikamwambia baba hebu njoo huku nje kwanza, mbona hii ya nje inatoa baridi, kama gesi imeisha baridi hii imetoka wapi? Akatazamana na kijana wake aliyebeba ngazi, wakacheka, akaniambia "mama wewe nenda jikoni, haya mambo ya kiume." Nyumbani kwangu! Mbele ya binti yangu na mkwe wangu! Mimi nina mtoto wa kumzidi yeye umri. Nikanyamaza kwa sababu ya mkwe tu, wallahi nilikuwa natetemeka.

Akajaza gesi, mizani hana, anakisia tu kwa kusikiliza, akachukua 130,000 yangu akasema itapoa ikizoea. Mpaka asubuhi joto ni lile lile.

Sasa nieleze kwa nini nilijua anaongopa, na sikusoma popote, niliona kwa macho yangu. Hii AC yangu ni ile inayopoza na kupasha. Nilipoinunua kila mtu alinishangaa, Tanga hii unapasha nini, hiyo si ya watu wa Lushoto kule milimani kwenye baridi? Lakini binti yangu alikuja kujifungulia kwangu, mtoto kazaliwa wakati wa kusi, mvua zile za asubuhi na upepo wa baharini unaingia mpaka uvunguni, na kichanga lazima aogeshwe. Tukawa tunaiweka kwenye alama ya jua nusu saa kabla ya kumuogesha, chumba kinakuwa vuguvugu, mtoto haliiii hata kidogo, anatulia kwenye beseni anapigapiga miguu. Niliipenda mno hii mashine siku zile. Na LUKU haikuenda mbio kama nilivyoogopa, maana haina waya wa kuungua kama jiko la umeme, inachota joto la nje na kuliingiza ndani, hata nje kukiwa na ubaridi joto la kuchota lipo. Basi siku hizo zote za kupasha nilikuwa naiona ya nje inapuliza baridi na kuvuja maji, si ndiyo inakochota? Ikipoza inakuwa kinyume, ndani baridi, nje joto, maji yanapita kwenye mpira wa ndani. Kwa hiyo nilipoona nje kuna baridi na kidimbwi kaskazi hii, nikajua mashine imeng'ang'ania kupasha. Gesi ingekuwa imeisha si pasingekuwa na joto wala baridi popote? Na gesi haiishi kama mafuta ya taa, inazunguka humo humo kwenye mabomba, ikipungua jua kuna tundu, na yeye tundu hakulitafuta. Mtu mwenye geji alishindwaje kuliona hilo?

Aliyeniokoa ni kijana wa Ngamiani, jirani ndiye alinipa namba yake. Shikamoo mama, viatu mlangoni, halafu akauliza neno ambalo yule mwingine hakuliuliza: mama, mara ya mwisho kabla haijaharibika mlikuwa mnaitumiaje? Nikamwambia tulikuwa tunapasha, tukaizima miezi kadhaa, tulipoiwasha kupoza ndiyo ikawa hivi. Akasema basi nadhani najua, twende nje mama uone. TUKAENDA WOTE. Akafungua bati, akanionyesha kidude cha shaba kimelala juu ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, upande mmoja kina bomba moja, upande wa pili matatu. Akasema hii ndiyo valvu inayogeuza njia ya gesi, ndani kuna kitu kinateleza huku na huku, huku inapoza, huku inapasha, ikikaa sana bila kugeuzwa inaweza kuganda. Akapima waya wake, akanipa rimoti nibadilishe mimi, yeye akawa anakigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Mara ya tatu hivi ikatoka sauti, pshaaa, kama tairi linatoa upepo. Akaniambia shika hapa, nikashika bomba nene, lilikuwa linaunguza, likaanza kupoa mkononi mwangu hivi hivi nalishika, baadaye likatoa jasho. Nililia, kusema kweli.

Ndipo akaweka geji akakuta gesi imezidi. Akaitoa, akairudisha kwa mizani, kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje, akasema ningeendelea hivyo kompresa ingekufa. Kanichaji 40,000 na akanionya ikiganda tena itabidi valvu ibadilishwe na hapo ni kuchomelea, si kazi ndogo.

Nikaenda dukani na risiti. Eti yule si fundi wetu. Si wenu vipi na aliletwa na bajaji ya duka?

Mkiniuliza kama mnunue, juzi ningesema msinunue kabisa, kwa sisi wa pwani ya kupoza tu inatosha, kitu cha kuganda kinapungua kimoja. Leo nikikumbuka yule mtoto kwenye beseni siwezi kusema hivyo. Mashine sina ugomvi nayo. Nunueni ila igeuzeni mara moja moja hata kama hamhitaji joto, ndivyo kijana alivyonishauri.

Duka ndiyo siwasamehe. Au tuseme hela pengine nitawaachia, 130,000 Mungu atanipa nyingine. Lile la nenda jikoni hapana, mpaka yule fundi aje asimame pale pale uani, mkwe wangu akiwepo, aniombe radhi.