Uzoefu wangu na muziki wa Breath of the Wild: ukimya niliouchukia mpaka usiku ule wa farasi

Link, shujaa unayemchezesha, anatoka pangoni, anakimbia mpaka ukingo wa jabali, na nchi nzima ya Hyrule inajitandaza chini yake. Nikaongeza sauti. Kipande kifupi cha muziki kikapanda wakati jina la The Legend of Zelda: Breath of the Wild likitokea kwenye skrini, kisha kikayeyuka, nami nikabaki nasubiri ule wimbo. Aliyekulia na gemu za Zelda anajua ni upi. Nikateremka kwenye majani. Nikasikia hatua zangu, upepo, ndege mmoja kwa mbali. Halafu noti tatu nne za piano, kama mtu anayejaribu vibao vya kinanda asichokijua, halafu kimya tena.

Mdogo wangu alikuwa amekaa nyuma yangu. "Kaka, mbona muziki umekata?" Nikadhani ni spika. Nikachomeka hedifoni, nikakuta ni vilevile.

Nitaeleza kwa nini jambo hilo liliniuma, maana asiyezijua gemu hizi anaweza kuona tunalilia kitu kidogo. Mwaka 1986, mtunzi wa Nintendo, Koji Kondo, alikusudia kuifungua Zelda ya kwanza kwa Boléro ya Ravel. Gemu ikiwa inakaribia kukamilika, ikabainika kwamba haki miliki ya kazi ile ilikuwa bado haijaisha. Kondo akakesha usiku mmoja, akauandaa upya wimbo wa uwandani, ule unaosikika shujaa akizunguka nje, ushike nafasi hiyo. Mahadhi yale ndiyo yakawa bendera ya mfululizo mzima. Ukiyasikia unajua safari imeanza, upanga uko mgongoni, na hakuna kurudi nyuma. Zelda nyingine, Ocarina of Time, ilipotoka mwaka 1998, muziki wa uwandani ulikuwa unakufuata: ukisimama unatulia, adui akikaribia unachacha, lakini haukuachi. Mwaka 2011 Skyward Sword ikatuletea okestra kamili, na mwaka uliofuata nyimbo za Zelda zikaanza kuzungushwa kwenye kumbi za tamasha. Kwa hiyo tulipoingia Machi 2017 tulikuwa tunangoja tarumbeta. Tukapewa piano moja, tena yenye kusitasita.

Mashabiki tukagawanyika vibaya. Kundi moja lilisema waziwazi kwamba gemu haina muziki. Lingine likasema huu ndio muziki bora kabisa wa mfululizo. Kati ya makundi hayo hapakuwa na watu wengi. Mimi nilikuwa kundi la kwanza, na nilibishana kwa moyo wangu wote. Niliona tumepokonywa kitu chetu. Kazi yenyewe hakuwa ameitunga Kondo. Ilikuwa ya Manaka Kataoka, Yasuaki Iwata na Hajime Wakai. Nikajua kwamba Kataoka alishatunga muziki wa Animal Crossing, gemu tulivu ya maisha ya kijijini, nikawaambia wenzangu ndiyo maana: wametuletea muziki wa kumwagilia maua kwenye vita. Hayo niliyasema, na leo nayafuta.

Kilichonigeuza ni farasi. Nilikuwa nimemkamata farasi wa kahawia ambaye bado alikuwa mkaidi, nikawa navuka uwanda usiku kwa sababu sikutaka kuruka kwa njia ya mkato ya ramani. Unapopanda farasi na kukimbia mfululizo, gemu hainyamazi kama kawaida. Kwanza ni kwato. Kisha piano inaanza chini ya kwato, noti mojamoja, zinapishana na mwendo. Nikaendelea kukimbiza. Fidla zikaingia polepole. Nikahisi kitu ninachokijua, ila sikukishika. Nikavuka daraja, mwezi uko juu ya maji, na ndipo nikaelewa: piano inacheza wimbo wa mwaka 1986. Ule ule, ila umepunguzwa mwendo mpaka ukawa kama mtu mzima anayekumbuka kitu alichokiimba utotoni. Nikamsimamisha farasi, na muziki nao ukanyamaza. Nikamkimbiza tena, nikasubiri urudi. Nilifanya hivyo kwa zaidi ya nusu saa, sikwenda popote nilikokuwa nakwenda.

Usiku ule nikaelewa mpango wao. Gemu za zamani zilikuimbia kwamba wewe ni shujaa. Hii inakuacha kwenye nchi iliyoshindwa vita miaka 100 iliyopita, na shujaa mwenyewe hakumbuki jina lake. Wimbo wa ushindi ungechezwa kwa ajili ya nani? Kwa hiyo wameuvunja vipande na kuvificha, wewe uvikute kama Link anavyokuta kumbukumbu zake. Nenda kwenye Hekalu la Wakati lililobomoka, mwanzoni kabisa. Utasikia noti moja, kimya kirefu, noti nyingine. Hayo ni mahadhi ya hekalu hilo hilo kwenye Ocarina of Time, yamevutwa mpaka hutambui kwamba ni wimbo. Nilipita pale mara ya kwanza bila kujua. Mara ya pili nilitulia nikayasikiliza mpaka mwisho, na machozi yalinilenga.

Kuna na sababu ya kawaida zaidi. Gemu hii unaicheza kwa masaa mengi sana, na sehemu kubwa ya masaa hayo uko nje unatembea. Wimbo wa dakika mbili unaojirudia ungekuchosha kabla hujafika mlima wa pili. Ukimya unakufanya usikie vitu vyenye kazi: mvua inayoanza, wakati ambapo usipande jabali maana utateleza, mkoromo wa maadui waliolala kambini, akodioni ya Kass, yule ndege mwimbaji, inayokuja na upepo kutoka usipopaona. Nilimtafuta Kass kwa masikio tu, nikizungusha kamera kila upande. Kungekuwa na okestra juu yake nisingempata kamwe.

Na ukimya huo huo ndio unaoipa nguvu piano ya Guardian. Hizi ni mashine za kale zenye miguu kama ya buibui. Unachuma uyoga, hakuna sauti, halafu ghafla piano inadondoka kwenye ngazi, noti za haraka zinagongana, na doa jekundu liko kifuani pako. Mara nyingi nilisikia piano kabla ya kuiona mashine yenyewe. Vidole vyangu bado vinakaza pedi nikizisikia noti zile hata nje ya gemu.

Lakini mahali ninapompeleka kila anayesema gemu hii haina muziki ni Tarrey Town. Mwanzoni ni kipande cha ardhi katikati ya ziwa, na fundi mmoja, Hudson, anayepasua miamba peke yake. Anakuomba mbao, kisha anakuomba watu, na kila mmoja lazima jina lake liishie na "son" kama lake. Unamletea Mgoron. Unamletea fundi cherehani wa Kigerudo. Kisha Mrito, kisha Mzora, kila mmoja wa taifa lake ndani ya Hyrule. Kila anayehamia anakuja na sauti ya kwao, na muziki wa mji, ambao ulianza mwembamba kabisa, unaongezeka ala baada ya ala. Ukirudi siku ya arusi ya Hudson unasikia mataifa yote manne ndani ya wimbo mmoja. Wimbo ule umeujenga wewe kwa kukata miti. Sijawahi kukutana na jambo kama hilo kwenye gemu nyingine, na nimecheza nyingi.

Kasri la Hyrule nalo halihitaji maneno mengi. Wanaodai wimbo wa zamani wameondolewa waende huko: upo, kwa ngurumo kamili, na ukiingia ndani ya vyumba unashushwa sauti na ala bila kukatika, kisha ukitoka nje unalipuka tena.

Sasa malalamiko yangu, maana sikuyaacha yote. Vihekalu, vile vyumba vya majaribio vilivyotapakaa nchi nzima, viko 120 na ndani yake muziki ni ule ule. Ni mzuri, una ubaridi unaofaa, lakini kufikia cha 50 nilikuwa nimeacha kuusikia kabisa, na hiyo si sifa ya muziki. Wa mapambano madogo nao unaingia na kutoka ovyo: unamwona adui mmoja kwa mbali, ngoma zinaanza, unageuka, zinakufa, unageuka tena, zinaanza upya. Ukitembea karibu na kambi unaweza kukatwa hivyo mara tano ndani ya dakika moja, na ukimya waliouandaa kwa uangalifu mkubwa unachanika kama kitambaa kibovu.

Kuna na hasara ambayo naiona ni ya kweli, na wanaoipenda gemu hii kama mimi wasiidharau. Ukizima gemu za zamani unabaki na wimbo mdomoni. Unaosha vyombo unaupiga mluzi. Muziki wa uwandani wa Breath of the Wild hauchukuliki hivyo. Unaishi mahali pake, na ukiutoa pale unakuwa noti chache zisizo na mwenyewe. Wenzangu wanaosema wameukosa wimbo hawakosi masikio. Wamekosa kitu ambacho kwa miaka 30 kilikuwa cha kwao.

Tears of the Kingdom, mwendelezo wa gemu hii, ilipokuja Mei 2023, nadhani watunzi walilisikia hilo. Piano na ukimya vipo uwandani, lakini matukio makubwa yanaimba. Kupanda kuelekea hekalu la upepo, ukirukaruka kutoka merikebu moja hadi nyingine ndani ya dhoruba, muziki unazidi kuvimba kila unapopanda juu, na ukifika kileleni kupambana na dubwana Colgera unakutana na mahadhi ya Warito yaliyotoka The Wind Waker ya mwaka 2002. Hapo hata rafiki yangu ambaye hajaisamehe Breath of the Wild alinyamaza.

Kama unaianza leo, vaa hedifoni nzuri, punguza kuruka kwa ramani, na mpande farasi usiku angalau mara moja bila haraka. Ukitaka muziki wa kukusukuma mbele toka dakika ya kwanza, anza na Skyward Sword, hutajuta. Mimi Breath of the Wild nimeimaliza mara mbili na naipa tisa kwa kumi kwa muziki. Ile moja imebaki kwenye vihekalu.

Mdogo wangu aliishia kuicheza kuliko mimi, na hiyo ndiyo ilikuwa Zelda yake ya kwanza. Juzi nilimfungulia ile ya mwaka 1986 kwenye mashine hiyo hiyo ya Switch, nikakaa nyuma yake safari hii. Wimbo ukaanza, mkali, wa haraka, wa mlio wa mashine za zamani. Akasikiliza kidogo, akageuka akaniangalia.

"Kaka, si huu ni ule wa farasi usiku?"