Juani au chini ya mwembe?

Februari, Dar, saa mbili asubuhi. Kazini zimebaki nafasi mbili za kuegesha: moja wazi kabisa, nyingine chini ya mwembe. Wengi wanakimbilia mwembe bila kufikiri.

Juani gari linaumia polepole. Vioo vikifungwa, joto la ndani hupita nyuzi 50, na dashibodi huzidi hapo. Saa nane mchana usukani haushikiki, na chuma cha mkanda kinakuchapa paja. Baada ya miaka michache dashibodi inapasuka, taa za mbele zinakuwa za njano, na rangi nyekundu inapauka kabla ya nyeupe. Batri nayo hufa mapema. Ukiona kila mwaka unanunua nyingine, usimlaumu muuzaji peke yake.

Mwembe unaumiza kwa ghafla. Utomvu, kinyesi cha kunguru, na Desemba embe lenyewe: boneti langu lina kibonyeo cha ukubwa wa ngumi. Kinyesi ndicho kibaya zaidi, kwa sababu kina asidi, na bati likiwa la moto kinaila rangi ndani ya siku moja au mbili. Usikikwangue kwa kucha. Weka kitambaa kilicholowa maji, subiri dakika tano, ndipo ufute.

Mimi nachagua mwembe, ila si msimu wa embe. Hapo naegesha juani, natandika kadibodi ya kung'aa kwenye kioo cha mbele na kuacha madirisha wazi upana wa kidole.